Betri ya trekta la zamani inapolala kila asubuhi

Ijumaa jioni trekta limeegeshwa likiwa zima. Jumatatu asubuhi dereva anazungusha ufunguo, stata inagonga mara moja, "ta", kisha kimya. Wanaitwa vijana wa kusukuma, au inaazimwa betri ya lori la jirani. Trekta linawaka, kazi inaendelea, na jioni mwenye mali anaambiwa neno lile lile: betri imekufa, nunua nyingine. Ananunua. Betri mpya inadumu wiki tatu, halafu mambo yanarudi pale pale.

Kinachowapotosha watu ni kwamba mgoto huo mmoja wa stata ni dalili ya magonjwa matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza: betri haijazwi injini inapofanya kazi. La pili: inajazwa vizuri, lakini kuna kitu kinainyonya trekta likiwa limezimwa. La tatu: betri ina moto wa kutosha, ila moto huo haufiki kwenye stata. Betri yenyewe nayo huchoka, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi imechoshwa na mojawapo ya hayo matatu. Ukibadilisha betri kabla ya kujua ni lipi, umenunua mgonjwa mpya.

Tunazungumzia matrekta ya kizazi cha Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ndugu zake 165 na 240, na Ford 5000. Hayana kompyuta. Nyaya zake zinahesabika, na multimita (kipima umeme) ya bei ndogo inatosha kuyachunguza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kushika spana

Hewa inayotoka kwenye betri inayochajiwa ni haidrojeni, na inalipuka kwa cheche ndogo tu. Usivute sigara karibu, vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri, anza kutoa waya wa ethi, yaani ule unaokwenda kwenye bodi. Ukirudisha, ethi iwe ya mwisho. Katika matrekta mengi ethi ni hasi, ila baadhi ya matrekta ya zamani sana kutoka Uingereza yaliundwa ethi ikiwa chanya. Usikisie. Fuata waya kwa macho uone upande upi umefungwa kwenye bodi.

Jambo jingine ni la uhai. Kuna mazoea ya kuwasha trekta kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Massey Ferguson lina swichi ya usalama inayozuia stata kuzunguka kama fimbo ya gia ya juu na chini haipo kwenye nafasi ya kuwashia. Bisibisi inaruka swichi hiyo. Trekta likiwa kwenye gia, injini ikishika, tairi la nyuma linampanda aliyesimama kando yake. Watu wamekufa hivyo. Stata ikikataa kwa ufunguo, tafuta sababu, usiiruke.

Vipimo vitatu vya mwanzo

Acha trekta lipumzike usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, weka mita kwenye volti za DC na pima juu ya risasi za betri zenyewe, yaani vile vichwa viwili, si juu ya vishikizo vya nyaya. Betri iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hakuna kitu cha kuzungumzia. Angalia jinsi tofauti zilivyo ndogo: kati ya betri iliyojaa na iliyo nusu haizidi nusu volti. Ndiyo maana mtu anayesema "nimepima, ina 12" hajasema lolote.

Kipimo cha pili: mwenzako azungushe stata huku wewe umeshika mita pale pale kwenye risasi. Vuta kishikio cha kuzimia injini ili isiwake. Volti zitashuka, hiyo ni kawaida, lakini zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 7 au 6 wakati asubuhi zilikuwa 12.6, betri imechoka ndani, au stata inakula umeme kupita kiasi. Zikibaki juu ya 11 na stata inajikokota au imekaa kimya, usiilaumu betri. Moto unapotelea njiani.

Cha tatu: washa injini, ipandishe hadi mizunguko kama 1,500 kwa dakika, subiri dakika chache, pima tena. Unatafuta volti 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12.5 au inashuka taratibu, hakuna chaji. Ikipita 14.8, regyuleta (kidhibiti cha chaji) haizuii, na betri inachemshwa. Utaiona ikimaliza maji kila wiki na kutoa harufu ya mayai viza.

Vipimo hivyo havichukui hata dakika kumi ukitoa usiku wa kusubiri, na vimeshakuonyesha mlango wa kuingilia.

Betri yenyewe

Kama betri ina vifuniko, kipimo cha uhakika kuliko mita ni hidromita, bomba la kupimia uzito wa asidi. Nyonya asidi ya kila seli na andika namba. Betri iliyojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, ingawa betri nyingi za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi kidogo, karibu 1.240. Kwa hiyo usikazanie namba moja. Linganisha seli na seli. Tano zikisoma 1.240 na moja ikasoma 1.150, seli hiyo imekufa, na betri yote imekwenda nayo. Tofauti inayozidi 0.050 haiponi kwa kuchaji.

Maji yafunike sahani kwa kama milimita 10. Ongeza maji safi yaliyotoneshwa, wala si asidi. Hapa ndipo betri nyingi huuawa na mikono yenye nia njema. Dukani vyote viwili huitwa "maji ya betri", chupa zinafanana, na mtu anaongeza asidi akidhani anaipa betri nguvu. Kinachokauka kwa joto ni maji. Asidi imebaki ndani. Ukiongeza nyingine unaikoleza, na inaanza kula sahani. Soma chupa. Na ujaze hadi kimo chake baada ya kuchaji, kwa sababu inapochajiwa maji hupanda na kumwagika.

Mwagiko huo ukichanganyika na vumbi la shamba unatengeneza tope jembamba juu ya betri, na tope hilo linapitisha umeme. Jaribu: weka ncha moja ya mita kwenye risasi chanya, nyingine iburute juu ya plastiki ya betri. Ukisoma volti moja au mbili, betri inajinyonya yenyewe usiku na mchana. Funga vifuniko vizuri, osha kwa kijiko kimoja cha magadi ya kuokea katika nusu lita ya maji, suuza, kausha. Magadi yasiingie ndani.

Ukubwa nao una neno. Dizeli ya silinda tatu inataka betri ya aina ya N100 hivi, yaani ya ampea-saa 100. N70 itawasha wakati wa joto ikiwa mpya, kisha itaanza kulalamika. Betri ya sola haifai hapa hata ikiwa na ampea-saa 150, kwa kuwa sahani zake ni nene, zimeundwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, wakati stata inataka mamia ya ampea kwa sekunde tano. Kinyume chake pia ni kweli, na ni tabia iliyoenea: betri ya trekta kufunguliwa jioni ikawashe runinga na taa nyumbani. Sahani zake nyembamba hazivumilii kukaushwa hadi chini. Zikifanyiwa hivyo mara chache tu zinapoteza uwezo, na hakuna alteneta (mtambo wa kujaza betri injini ikizunguka) itakayourudisha.

Moto unaopotelea njiani

Huu ndio ugonjwa tunaoushuku kwanza kwenye trekta la zamani, na dawa yake ni msasa. Nyaya za stata ni nene kwa sababu zinabeba ampea 200 na zaidi. Kwa mkondo huo, kutu nyembamba kama ganda la kitunguu inatosha kuzima kila kitu, wakati taa za mbele, zinazokula ampea chache, zinawaka vizuri tu. Dereva anasema "betri ni nzima, ona taa". Kweli taa zinawaka. Hazijathibitisha lolote kuhusu njia ya stata.

Pima hivi. Ncha moja ya mita iguse risasi ya ethi ya betri, nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako azungushe stata. Kwa njia nzuri mita itasoma chini ya volti 0.3. Ukisoma volti 1 au 2, volti hizo zimeliwa kati ya betri na injini: kishikizo kimelegea, au utepe wa ethi umefungwa juu ya rangi na kutu. Kisha fanya vile vile upande wa pili, kutoka risasi ya moto hadi boliti kubwa ya stata. Ukitaka kujua kiungo chenyewe, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: risasi hadi kishikizo, kishikizo hadi waya, waya hadi boliti. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Fungua kiungo hicho, kisugue hadi chuma king'ae pande zote mbili, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake ili hewa na maji visiingie. Si kabla, grisi iliyobanwa katikati haisaidii. Vishikizo vya bati jepesi vinavyouzwa barabarani hulegea kwa mtikisiko wa shamba, na waya uliokazwa chini ya skrubu mbili huoza haraka. Waya wenye kichwa kilichobanwa kwa mashine, wenye unene wa milimita za mraba 50 au zaidi, unaishi miaka. Ukiuona waya umevimba karibu na kichwa na ukiukunja unasikika kama mchanga, ndani ni unga wa kijani. Badilisha.

Njia zote mbili zikiwa safi, betri nzuri, na stata bado inajikokota huku volti zikizama, bushi za stata zimelika. Amecha, sehemu inayozunguka ndani, inasugua kwenye kuta, inakula umeme mara mbili. Hiyo ni kazi ya mezani.

Betri isiyojazwa

Anza na mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ushuke kama milimita 12. Mkanda uliolika hukaa chini kabisa ya mfereji wa puli, na utauona mfereji unang'aa kwa chini. Huo huteleza hata ukiukaza, kwa sababu mkanda unashika kwa mbavu, si kwa tumbo.

Baada ya hapo, itazame taa nyekundu ya chaji. Ufunguo ukiwashwa bila injini, lazima iwake. Injini ikishika, izimike. Watu huiona kama taa ya kutoa taarifa tu. Kwenye alteneta za Lucas za familia ya ACR, zilizofungwa kwenye matrekta mengi ya Uingereza, taa hiyo ni sehemu ya mtambo: umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha sumaku ya alteneta. Balbu ya wati 2.2 ikiungua, alteneta nzima kabisa inalala, au inaamka tu ukikanyaga mafuta hadi juu. Wengi wameuziwa alteneta kwa kosa la balbu. Na ukiweka balbu ya LED mahali pake, mara nyingi haipitishi umeme wa kutosha, na matokeo ni yale yale.

Taa isipowaka kabisa ufunguo ukiwa wazi, chomoa plagi ya alteneta na uguse bodi kwa waya ule mwembamba wa taa, ulioandikwa IND kwenye Lucas. Taa ikiwaka, balbu na waya viko sawa. Tatizo ni kaboni zilizokwisha au rota (sumaku inayozunguka) iliyokatika. Isipowaka, tatizo ni balbu au waya. Taa ikibaki na mwanga hafifu injini ikizunguka, shuku daiodi, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, au kiungo kilicholegea. Ikiwaka hata ufunguo ukiwa umefungwa, daiodi imepasuka, na betri inamiminikia huko.

Alteneta ikitoa volti 14.2 mgongoni mwake lakini betri ikapata 13.2, volti moja imeliwa na waya wa kati. Pima kama ulivyopima stata, taa zote zikiwa zimewashwa; upande wa moto usizidi 0.3.

Sasa lile kosa kubwa. Zamani, enzi za dainamo, mtambo wa chaji uliotangulia alteneta, fundi alikuwa akichomoa waya wa betri injini ikiunguruma ili aone kama inachaji. Kwenye alteneta usifanye hivyo kamwe. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme. Ukiichomoa volti zinaruka ghafla na daiodi zinaweza kukatika hapo hapo. Vivyo hivyo, ukichomelea chuma chochote kwenye trekta, fungua betri na uchomoe plagi ya alteneta kwanza.

Trekta ambalo bado lina dainamo, ile silinda ndefu yenye nyaya mbili, D na F, lina kipimo chake. Chomoa nyaya zote mbili, unganisha vichwa vya D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya hapo na bodi, kisha pandisha injini polepole bila kuvuka mizunguko 1,000. Volti zipande bila kushtuka. Usiziache zifike 20. Zikikaa sifuri, angalia kaboni. Zikiishia volti moja hivi, koili za sumaku zina hitilafu. Zikiishia nusu ya zinazotakiwa, shuku amecha. Dainamo ikifaulu na betri bado haijazwi, tatizo liko kwenye katauti (swichi inayoitenga dainamo na betri isipochaji) au nyaya zake. Dainamo iliyotoka kutengenezwa inataka kuelekezwa upande wake: waya wa F ukiwa umechomolewa, gusa kichwa cha F mara mbili tatu kwa waya uliotoka upande wa betri usio wa ethi. Usijaribu hilo kwenye alteneta.

Na ujue kwamba dainamo ikiwa kwenye mwendo wa chini haitoi kitu. Trekta linalotumika kuvuta trela mwendo wa pole usiku na taa zimewashwa litamaliza betri bila kuwa na kosa lolote.

Kinachonyonya usiku

Trekta la aina hii likizimwa na ufunguo kufungwa, linapaswa kula sifuri. Gari la kisasa lina saa na kompyuta. Hili halina udhuru.

Mnyonyaji wa kwanza ni ufunguo wenyewe. Dizeli hii haizimwi kwa ufunguo bali kwa kuvuta kishikio, kwa hiyo dereva anavuta, injini inanyamaza, anashuka, na ufunguo umebaki wazi. Taa nyekundu ya wati 2.2 inakula kama ampea 0.2. Jua kali likiipiga dashibodi, hakuna anayeiona. Wiki mbili za hivyo ni ampea-saa 67, yaani theluthi mbili ya N100. Na ufunguo uliochakaa unaweza kubaki wazi ndani hata ukiugeuza.

Ili kujua kama kuna wizi, zima kila kitu, toa waya wa ethi, na uweke balbu ya wati 21 kati ya waya huo na risasi ya betri. Ikiwaka sana, kuna mnyonyaji mkubwa. Ikiwa giza, sasa weka mita badala ya balbu, kwenye tundu la ampea 10. Kuanza na balbu kunaiokoa mita. Wala usizungushe stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo.

Ukisoma ampea 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. N100 inabaki nusu baada ya siku kama nne. Chomoa waya mmoja mmoja huku ukitazama mita. Anza na plagi ya alteneta, maana ndiyo mshukiwa wa kawaida. Alteneta ambayo alfajiri, kabla ya kuwashwa, ina uvuguvugu ukiigusa, daiodi yake inavujisha. Kama ni alteneta ya gari dogo iliyofungwa baadaye, angalia waya wa kuiamsha umeungwa wapi. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri badala ya kupita kwenye ufunguo, rota inaweza kula ampea 2 hadi 4 usiku kucha. Kwenye dainamo, mguso wa katauti ukigandana, betri inaigeuza dainamo kuwa mota isiyoweza kuzunguka. Inachemka na waya unanuka.

Kisha fuata vilivyoongezwa: redio, chaja ya simu, taa ya kulimia usiku, kila kitu kilichosokotwa juu ya risasi ya betri bila fyuzi. Malizia na kipashio cha baridi cha Perkins kilichopo kwenye njia ya hewa. Kinakula kama ampea 12. Swichi yake ikigandana, N100 inalala kabla asubuhi haijafika. Makete au Nyandarua kinahitajika asubuhi za baridi. Kilombero au Kilifi hakuna haja nacho. Waya wake unaweza kuchomolewa na kufungwa utepe.

Trekta linapopumzika

Kati ya msimu na msimu trekta hukaa miezi. Betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa imefunguliwa, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo hukaribia kuongezeka maradufu. Ikikaa chini ya volti 12.4 kwa wiki nyingi, salfeti inaganda kwenye sahani na uwezo haurudi wote. Toa ethi, hifadhi betri penye kivuli, na kila mwezi pima, ikifika 12.4, ichaji.

Ichaji kwa chaja, kwa ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: N100 kwa ampea 10, saa 10 hadi 12 ikiwa tupu. Alteneta inarudisha kilicholiwa na stata kwa dakika chache tu, lakini haikuundwa kufufua betri iliyokauka. Ukiiazima betri ya jirani asubuhi na kwenda kulima ukitumaini itajaa yenyewe, alteneta itafanya kazi kwa nguvu zake zote siku nzima katika joto la injini, na daiodi zitakazoungua siku hiyo ndizo zitakazoinyonya betri usiku unaofuata.